Zambarau ya Siku ya Jumatatu

Enzi zetu usafi ulikuwa na rangi, na rangi yenyewe ilikuwa njano. Nawaambia nyinyi wenzangu mliosoma Kigali wakati maabara ya shule ilikuwa na meza sita, bomba moja la maji, na harufu ya yai bovu iliyohamia humo na kukataa kuondoka. Watoto wa leo hawawezi kuelewa. Wao usafi unachapishwa na mashine, wanaupiga picha, wanauweka kwenye simu, halafu wanakwenda kula chipsi. Sisi tuliutolea jasho. Tulikuwa wavumilivu, wenye adabu, na wakweli kupindukia. Tulivyokuwa wakweli nitawaonyesha, msiwe na haraka.

Leo mimi ni mkubwa wa chumba cha vipimo katika kiwanda kimoja cha dawa huko Masoro. Kazi yangu ni kuamua kama dawa ni safi ya kutosha kuingia tumboni mwa mtu. Kila baada ya miezi kadhaa naletewa vijana wa mafunzo, wamevaa koti jeupe lililopigwa pasi, sikio moja lina kidude cha muziki, la pili wameniachia mimi kwa heshima. Nikiwauliza, "Mnajuaje kwamba hii ni safi?" wananijibu, "Mashine imekubali, Madam." Kana kwamba mashine ni baba wa bibi harusi. Hapo ndipo napata nafasi yangu tamu ya kuanza, "Sikilizeni, enzi zetu..." nao wanatazamana kwa huruma, kama wageni wawili mwenyeji anapokaribia kuonyesha picha za harusi.

Shule yetu ilikuwa Gikondo, imebanwa na magereji. Upande mmoja fundi anagonga bodi ya gari kuanzia asubuhi, upande wa pili kwaya ya kanisa inafanya mazoezi ya wimbo uleule tangu muhula uanze, na sisi katikati tunafundishwa kwamba maabara ni mahali pa utulivu. Mapumziko tulicheza agati, tukikwepa mpira wa matambara uliofungwa kamba, na tulinunua mandazi kwa mama wa getini aliyeyafungia kwenye karatasi za mitihani ya mwaka uliopita. Ulikula andazi huku ukisoma alama za kaka wa mtu. Mafuta yalipita katikati ya sufuri zake, na sisi tukijilamba vidole tulisema yule hakusoma.

Mwalimu wa kemia aliitwa Gaspard. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, mkali wa macho, na kila sentensi yake ilianza na "Bon," yaani "vema" kwa Kifaransa. Alisema "Bon" ukipasua chupa, na "Bon" ukipata alama zote, ikawa kazi yako mwenyewe kujua ni ipi. Koti lake liliwahi kuwa jeupe. Kwa wanafunzi thelathini tulikuwa na makoti manne, tukayavaa kwa zamu, na ukilivaa wa mwisho ulikuta limeshaloa jasho la watu saba. Hata hivyo tulijiona madaktari. Ungetuona tunavyotembea uwanjani na koti lile tukijifanya tumesahau kulivua.

Mwaka wa tano kulikuwa na zoezi moja kubwa lililohesabiwa kwenye alama za kuingia mwaka wa sita wa mchepuo wa sayansi: kutengeneza dawa ya maumivu ya kichwa. Mlifanya wawili wawili. Mnachukua unga fulani mweupe, mnauchanganya na dawa ya majimaji yenye harufu kali ya siki, mnapasha moto, mnamwaga kwenye maji baridi, na inazaliwa dawa. Kuizaa ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuisafisha, maana ule unga wa mwanzo huwa haukubali kwisha wote, unajificha ndani ya dawa kama mgeni asiyeaga.

Kuisafisha mliiyeyusha tena kwenye maji ya moto na spiriti, kidogo iwezekanavyo, kisha mkaiacha ipoe polepole. Ikipoa polepole, dawa inajipanga yenyewe kuwa fuwele, vijiti vyembamba vinavyometa, na uchafu unabaki kwenye maji. Mkiwa na pupa, mkaipoza ghafla, uchafu unakamatwa ndani humo. Mwisho ilitakiwa barafu ya kumalizia. Shule haikuwa na barafu, kwa hiyo tulitumwa kwa mwanamke wa kioski aliyeuza juisi iliyogandishwa kwenye vifuko vya plastiki, wakati vifuko hivyo havijawa haramu. Chupa zetu zilikaa katikati ya juisi nyekundu iliyogandishwa. Sayansi ilipokwisha, tuliila. Hebu mwambie kijana wa Masoro ale kilichokuwa kwenye friji ya maabara, atakuandikia barua kwa wakubwa.

Sasa kipimo. Mwalimu Gaspard alikuwa na kichupa cha maji ya chuma, ya njano kama chai ya rangi iliyochujuka. Sisi tulikiita Shahidi. Unaweka chembe ya dawa yako kwenye tyubu, unadondosha Shahidi matone mawili. Ikibaki njano, dawa ni safi. Ikigeuka zambarau, ule unga wa mwanzo bado umo, na darasa zima linaona, mpaka yule wa dirishani aliyekuwa amelala. Hakukuwa na kubishana na Shahidi. Baada ya hapo dawa ilitiwa kwenye kijibomba chembamba cha kioo na kupashwa moto ndani ya mafuta pamoja na kipimajoto. Dawa safi inavumilia mpaka nyuzi mia moja thelathini na tano hivi, halafu inayeyuka yote kwa pamoja. Dawa chafu inaanza mapema, inajikokota, sehemu imeyeyuka na sehemu bado.

Waliofaulu, kichupa chao kiliwekwa kwenye kabati la kioo nyuma ya meza ya Mwalimu, kikiwa na majina mawili. Wa kwanza kuleta dawa kavu na safi waliwekwa rafu ya juu, usawa wa macho ya kila anayeingia. Mimi nililitamani lile kabati kuliko nilivyotamani kuifahamu kemia. Nilikuwa nimeshachagua mwandiko wa jina langu.

Mwenzangu alikuwa Solange. Alitoka Masaka, wakati Masaka ni mashamba na barabara ya vumbi, akifika shuleni viatu vimebadilika rangi, anavifuta kwa jani kabla ya kuingia darasani. Kiswahili chake alikiokota kwetu Gikondo, na r na l kwake zilikuwa ndugu wa tumbo moja, mimi Zuhura ananiita Zuhula mpaka leo. Kwao hakukuwa na duka la dawa hata moja. Mtoto akishikwa na homa, mtu alipanda moto, ndiyo pikipiki ya abiria, mpaka mjini kununua vidonge sita. Solange alisema atasomea ufamasia, arudi afungue duka lake pale kwenye njia panda. Alilisema bila kujigamba, kama unavyosema kesho utafua. Ila hesabu zilikuwa zinamsumbua, alama zake zilikuwa ukingoni, na zoezi lile ndilo lingemvusha. Mimi nilikuwa na alama za kunipeleka mwaka wa sita na chenji ikabaki.

Siku ya kuisafisha, wenzetu walikuwa wanapuliza chupa zao, wengine wanazitikisa. Solange alivua sweta lake, akaivisha chupa yetu, akaikalisha mezani.

"Buretse, ngoja, Zuhula," akasema. "Iache ipoe yenyewe. Hii kitu haipende mtu wa mbio."

Tulikaa karibu saa nzima tukitazama sweta. Alipoifungua, fuwele zilikuwa ndefu kama sindano za kushonea za baba yangu. Mwalimu Gaspard alipita, akainama, akasema "Bon," na safari hii kila mtu alijua ni ipi. Tuliiba tone moja la Shahidi kwa siri tukajaribu. Njano. Ilikuwa Ijumaa mchana, na kitu kimoja tu kilibaki: zilikuwa bado mbichi, zimelowa, na zilitakiwa zikauke ndipo zipimwe Jumatatu mbele ya darasa.

Kwa kuwa kwetu ni karibu na kwao ni vumbi, nilikabidhiwa mimi. Solange alizikunja kwenye karatasi ya kuchujia, akanipa kwa mikono miwili.

"Weka juu ya kabati, zipate hewa. Usiguse. Mpaka Jumatatu ziko kavu."

Nikasema sawa. Enzi zetu mtu akisema sawa, ilikuwa sawa. Ndivyo ninavyowaambia vijana.

Baba alikuwa fundi cherehani, na chumba chetu cha mbele ndicho kilikuwa duka. Alikuwa na pasi ya mkaa nzito, na msemo wake mmoja aliourudia kila alipotufundisha kuishika: "Pasi haina huruma, huruma uwe nayo wewe." Mama naye, akituona tunachota ubwabwa wa moto, alisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nimelelewa na semi za kutosha kujaza daftari, na Jumamosi ile hata mmoja haukunijia. Nilizigusa zile fuwele, nikakuta bado zina unyevu. Nikawaza wale wavulana wawili wa meza ya kwanza, waliojitapa kwamba watafika Jumatatu alfajiri na dawa kavu. Nikawaza rafu ya juu.

Baba alikuwa ametoka. Nikaitandika ile karatasi mezani, nikafunika na kitambaa chenye maji kidogo, kama anavyofanya yeye asiunguze suti ya mtu, nikaweka pasi juu. Mama akaniita kula wali. Nikaenda kula.

Niliporudi, chumba kilinuka siki. Mama akauliza kutoka uani, "Nani kamwaga siki huko?" nikajibu hakuna. Leo najua ile siki ilitoka wapi. Dawa ile ikikutana na moto na mvuke inavunjika, inarudi kule ilikotoka, inakuwa tena ule unga wa mwanzo, na siki ndiyo kilio chake. Siku ile sikujua. Nilichoona ni fuwele zimeshikana bonge, nikazisaga kwa mgongo wa kijiko mpaka zikawa unga mzuri. Karatasi ilikuwa na alama ya kahawia, ncha ya pasi imejichora. Nikaikunja alama iingie ndani. Zilikuwa kavu, hilo hamtaninyima.

Jumatatu tulikuwa wa kwanza. Wale wavulana waliingia wakatukuta tumesimama mbele na kifurushi chetu. Solange alikifungua mwenyewe. Akatazama kidogo, akamimina ule unga kwenye kisahani cha kioo, akaikunja karatasi mara mbili, tatu, akaitia mfukoni mwa sketi. Nikajisemea, huyu msichana ni nadhifu kweli.

Mwalimu Gaspard akachota chembe, akatia kwenye tyubu, akainua juu ili wote waone, akadondosha Shahidi.

Zambarau. Si ya kubahatisha, ilikuwa zambarau ya kitenge cha sikukuu. Darasa likaguna. Akaenda kwenye kipimajoto, tukasimama, na ile dawa ikaanza kulowa kwenye mia moja na ishirini, ikajikokota kama mzee anapanda kilima.

"Bon," akasema. "Ijumaa niliziona kwa macho yangu, zilikuwa nzuri. Kuna kitu kilifanyika. Aliyefanya aseme. Huyo atapata sufuri. Mwingine atarudia peke yake, dawa ya majimaji imebaki ya mtu mmoja. Nawapa mpaka kengele."

Hebu tusimame hapa, wenzangu wa enzi zile tukufu. Ilikuwa imebaki kama robo saa. Sufuri ingenipunguzia mimi ile chenji, basi. Nilichotakiwa ni kuinua mkono. Mkono huohuo niliouinua kila siku kujibu maswali ambayo sikuulizwa. Nilitazama sakafu, nikaifahamu vizuri sana, ilikuwa na mpasuko unaoanzia kwenye bomba na kuishia chini ya meza ya tatu. Nilisikia fundi akigonga bodi. Nilisikia kwaya ikirudia ubeti. Solange alikuwa anaitazama tyubu, hakunigeukia hata mara moja.

Kengele ikalia. Mwalimu Gaspard akaandika sufuri mbili, akatupa adhabu ya kuosha vyombo vya maabara muhula mzima. Tukaviosha. Solange aliosha, mimi nikasuuza. Aliniambia habari za ng'ombe wao aliyezaa, na habari za mvua, na hakuniuliza kitu. Mwisho wa mwaka orodha ilibandikwa mlangoni. Jina langu lilikuwa kwenye sayansi. La kwake lilikuwa kwenye historia na jiografia. Alilisoma, akafuta viatu kwa jani, akasema, "Ni sawa." Nilikwenda nyumbani nikajifungia chooni nikalia, kwa uangalifu, nisisikike.

Njia panda ya Masaka leo ina duka la dawa, na zuri kweli. Mwenyewe ni mtu mwingine. Solange analima mboga na miche kwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yake, kimezungukwa na maghorofa mapya. Ana wanaume wawili wa kumsaidia na wateja wanaompigia simu. Hajawahi kuonekana mtu wa kuhurumiwa. Nilimshika mkono siku ya harusi yake, na kila nikienda kwake narudi na mfuko wa mboga. Miaka yote hiyo nimekula mboga zake na sijasema. Na kazi niliyopata ni ipi? Kupima usafi. Mungu ana utani wake.

Sasa nirudi kwa hawa vijana wasio na maadili, waliolelewa na simu. Mwezi uliopita kipimo kimoja kilitoka kibaya, dawa ilikuwa imevunjika wakati wa kukaushwa. Nikawakusanya wote wanne. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivua miwani, nikaanza kwa sauti ya Mwalimu Gaspard: "Kuna kitu kilifanyika. Aliyefanya..."

"Ni mimi, Madam," akasema Divine.

Divine ana miaka ishirini na mbili, kucha ndefu za bandia, na kidude cha muziki sikioni. Sikuwa nimemaliza sentensi.

"Nilipandisha moto ya tanuri, nilikuwa nataka kuwahi basi. Samahani. Hao wengine hawakujua. Naweza kurudia sasa hivi?"

Nikasema rudia. Akafunga nywele, akaenda kurudia. Wenzake wakaendelea na kazi zao, hakuna aliyeguna. Yote yalichukua muda wa kunywa glasi ya maji. Mimi nilibaki nimesimama na miwani mkononi, nikaona aibu ambayo sikuwa nimeiona siku ile ya Jumatatu, imekuja yote kwa pamoja, bila kujikokota.

Jumamosi nilipanda moto mpaka Masaka. Nilimkuta Solange uani anachambua dodo, mchicha wa kupika, karai la maji kando yake. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama na kofia ya moto kichwani, kama mtu aliyekuja kudai. Nikamwambia pasi, kitambaa, wali, siki, kijiko. Nikamwambia kwamba ni mimi.

Aliendelea kuvunja mabua.

"Zuhula, ile karatasi ilikuwa na picha ya pasi," akasema. "Sasa mimi nilifikili ni nini, ni ng'ombe ilipita hapo?"

"Ulijua?"

"Niliweka kwa mfuko, Mwalimu asione."

"Kwa nini hukusema, Solange? Ungerudia. Ungepita."

Juu yetu, kwenye ghorofa la jirani, mafundi walikuwa wanashusha zege, na Solange akangoja mpaka kelele ipungue.

"Nilikuwa nangoja wewe," akasema. "Mimi nikuseme wewe? Nilisema atasema, ni lafiki yangu, anaogopa kidogo tu, atasema. Nikangoja. Kengele ikalia." Akatikisa maji mikononi. "Iliniuma, sha. Sitakudanganya. Iliniuma miaka mingi."

Kwa hiyo, wenzangu, tukikutana tena kwenye misiba na harusi, tukaanza ule wimbo wetu wa vijana wa siku hizi, mniwie radhi nikikaa kimya. Ni kweli sisi tulijua kusubiri chupa ipoe, tulijua kutumia sweta na juisi ya barafu, tulisafisha dawa kwa macho na vidole. Nayakumbuka mpaka leo yale mafuta ya mandazi na ile kwaya, na kuna siku ningetoa mashine zote za Masoro nipate saa moja tu ya kukaa na Solange tukitazama sweta. Ila hawa watoto wanachafua asubuhi, na kabla ya chai wameshasema. Mimi nimechukua zaidi ya miaka ishirini, na mashahidi walikuwa wawili, kile kichupa na Solange.

Nilivua kofia, nikakaa kwenye kigoda. Solange alinisogezea karai na lundo la dodo.

"Haya osha. Hiyo kazi unajua."

Nikaosha. Alinyoosha shingo, akatazama maji.

"Oya, hapana. Bado iko na mchanga," akasema. "Osha tena."

Nikamwaga maji, nikaosha tena.